Krimu ya Mikunjo na Ahadi ya Siku Saba

Katika duka moja la vipodozi Kariakoo, kijana aliyekuwa nyuma ya kaunta alinipa shikamoo, akanitazama usoni kwa muda uliotosha kunihesabia miaka, kisha akanipangia mbele vikopo vitatu vya krimu ya kuondoa mikunjo kabla sijataja nilichofuata. Cha kwanza kiliandikwa kwa Kifaransa kitupu, cha pili kilikuwa na picha ya konokono, na cha tatu, ambacho ndicho alichokisifu zaidi, kiliahidi juu ya kifuniko kwamba mikunjo itapungua na ngozi itang'aa ndani ya siku 7. "Hii mama, wiki moja tu, utarudi mwenyewe kunishukuru," alisema. Sikumlaumu, kwa kuwa anauza alicholetewa na anasema alichoambiwa. Lakini ile namba 7 ndiyo iliyonifanya nikae kuandika, kwa sababu katika biashara yote hii ya krimu za uso sijaona kipimo kinachomsaidia mnunuzi kuliko muda: ukijua kila kitu kinahitaji siku ngapi ili kifanye kazi ndani ya ngozi, nusu ya vilivyopangwa rafuni vinajitoa vyenyewe.

Mambo mawili tu ndiyo yanayoweza kubadilika usoni kwa wiki moja. La kwanza ni maji. Tabaka la juu kabisa la ngozi likikauka hufanya vistari vyembamba, na likipata unyevu hujaa tena. Gliserini, asidi ya hayaluroni, hata mafuta ya mgando ya kawaida yataifanya kazi hiyo ndani ya saa chache, na ukiacha kupaka vistari vinarudi pale pale. La pili ni rangi, na rangi ya mtu mzima ikibadilika kwa kasi hiyo basi ndani ya kikopo mna kitu ambacho hukuambiwa, huko nitarudi. Mkunjo wenyewe uko chini zaidi, kwenye tabaka la ndani ambako nyuzi za kolajeni huipa ngozi uimara na nyuzi za elastini huirudisha mahali pake inapovutwa. Nyuzi hizo zikichakaa kwa umri, kwa jua na kwa moshi wa sigara, ngozi hubakiwa na alama pale inapokunjwa kila siku, pembeni mwa macho tunapocheka na katikati ya nyusi tunapokunja ndita. Kujenga kolajeni mpya mahali hapo ni kazi ya miezi, na hakuna kiwanda kilichogundua njia ya kuiharakisha kwa kupaka.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri katika kisa cha Uingereza cha mwaka 2007, pale kipindi cha sayansi cha BBC kilipoizungumzia kwa wema seramu ya No7 inayouzwa na maduka ya Boots, na watu wakaikimbilia hadi ikaadimika madukani. Chuo Kikuu cha Manchester kikaipima kwa utaratibu wa kisayansi na kuchapisha matokeo mwaka 2009: watu 60, nusu wakipaka seramu yenyewe na nusu wakipaka krimu ya msingi isiyo na viambato vinavyosifiwa, bila wenyewe kujua nani amepewa nini. Baada ya miezi 6, mikunjo ilikuwa imepungua kwa asilimia 43 ya waliopaka seramu na kwa asilimia 22 ya waliopaka krimu ya msingi. Magazeti yalishangilia ile 43. Mimi hukaa zaidi kwenye 22, kwa maana inasema kwamba zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alionekana nafuu kwa kuilainisha ngozi tu, kila siku, bila kuacha. Na ile 43 nayo ina upande wake wa pili: zaidi ya nusu ya waliopaka bidhaa iliyofanya vizuri kuliko nyingi, kwa nusu mwaka mzima, hawakuona kitu.

Kiambato chenye ushahidi wa muda mrefu kuliko vyote ni tretinoini, ambayo ni ya jamii ya vitamini A. Marekani iliiruhusu mwaka 1971 kama dawa ya chunusi, na mwaka 1986 daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake wakachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba inairekebisha pia ngozi iliyozeeshwa na jua. Mwishoni mwa mwaka 1995 krimu ya tretinoini ikaruhusiwa rasmi kwa mikunjo midogo. Historia hiyo ina doa ambalo watangazaji hawalitaji. Kligman aliendesha majaribio mengi ya ngozi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, kuanzia mwaka 1951 hadi 1974, na wengi wao walikuwa Wamarekani weusi; jiji la Philadelphia liliomba radhi rasmi mwaka 2022. Naitaja kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba ngozi nyeusi haikushiriki katika ujenzi wa elimu hii. Ilishiriki, tena bila hiari ya kweli, na faida ikaenda kwingine.

Tretinoini ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Kinachouzwa kwenye vipodozi ni ndugu yake mpole, retinoli, ambayo ngozi hulazimika kuibadilisha mara mbili kabla haijawa kitu kile kile, na kila hatua hupunguza nguvu. Ndiyo maana haioneshi tofauti kabla ya wiki 12 au zaidi. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa asilimia 0.3 ya retinoli kwenye krimu za uso, kwa hiyo anayekuuzia kichupa kinachojigamba kuwa na "retinoli asilimia 10" anakuuzia ama uongo, ama mchanganyiko wenye retinoli kidogo uliotiwa humo kwa asilimia 10. Mwanamke mjamzito, au anayetarajia kubeba mimba, hapaswi kuipaka kabisa. Na kila anayeanza aanze na kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku, mara mbili kwa wiki, aongeze taratibu ngozi ikizoea. Akianza kwa pupa atawashwa, atababuka na kumenyuka.

Kwa mzungu, kuwashwa huko huisha na wekundu ukapotea. Kwetu hakuishi hivyo. Ngozi yenye melanini nyingi, yaani ile rangi ya asili inayoifanya iwe nyeusi, ikiumizwa, iwe kwa chunusi, kwa kujikuna au kwa krimu kali, hujibu kwa kumwaga rangi pale ilipoumia, na lile doa jeusi hudumu miezi, wakati mwingine hata mwaka. Nimewaona akina dada waliofuata maelekezo ya video za mtandaoni neno kwa neno, wakaingia na mikunjo miwili midogo na kutoka na mashavu yenye mabaka. Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa la ushauri mwingi tunaousoma: umeandikwa kwa ngozi nyingine, na umepimwa kwa ngozi nyingine. Niasinamidi, aina ya vitamini B3 ambayo mimi mwenyewe naipendelea kwa ngozi zetu kwa kuwa ni pole na inapunguza madoa, ina jaribio linalotajwa sana la watafiti wa kampuni ya Procter & Gamble lililochapishwa mwaka 2005, ambamo krimu ya asilimia 5 ilipakwa upande mmoja wa uso kwa wiki 12. Washiriki walikuwa wanawake 50, na wote walikuwa wazungu.

Tofauti ya ngozi hizi si hadithi ya majivuno. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha wastani wa asilimia 7.4 ya mionzi ya UVB, ile inayounguza, wakati la ngozi nyeupe hupitisha asilimia 24. Kwa hesabu ya wale watafiti, ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili inayolingana na SPF 13 hivi, SPF ikiwa kile kipimo cha kinga dhidi ya kuungua na jua kinachoandikwa kwenye krimu za jua. Ndiyo sababu mikunjo ya wengi wetu huchelewa. Kinachotangulia ni madoa, rangi isiyolingana kati ya paji la uso na mashavu, na ngozi ya chini ya macho na pembeni mwa mdomo kulegea. Basi mama wa miaka 45 anayeingia dukani Tanga au Mombasa na kusema amezeeka uso, mara nyingi analalamikia rangi kuliko mkunjo, ingawa neno alilofundishwa na matangazo ni mkunjo. Muuzaji naye anaielewa shida hiyo vizuri kuliko mtengenezaji wa Paris. Anajua kwamba mteja akiona madoa yamefifia atasema amerudi ujana, na kwa hiyo anamfungia kikopo kile cha tatu.

Ndani ya vikopo vya namna hiyo hukutwa vitu vitatu ambavyo kila mkazi wa mjini amevisikia: haidrokinoni, ambayo hufifisha rangi ya ngozi, zebaki, na steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, kama klobetasoli na betamethasoni. Haidrokinoni ikipakwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuleta weusi wa bluu mashavuni ambao hautoki hata kwa dawa. Zebaki huingia mwilini na kuumiza figo, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulitaka vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 kwa milioni viwe vimeondoka sokoni ifikapo mwaka 2020. Bado vipo. Lakini kwa mada yetu steroidi ndiyo yenye kejeli kubwa kuliko zote. Katika wiki za kwanza hutuliza kila muwasho, huondoa vipele na kuifanya ngozi ionekane laini na nyeupe, yaani hutimiza ile ahadi ya siku 7 kwa uaminifu kabisa. Kisha, kwa kuwa inaizuia ngozi kutengeneza kolajeni, huanza kuipunguza unene, na baada ya miezi mtu huona vijishipa vyekundu, vinyweleo vinavyoota mashavuni, na ngozi nyembamba inayokunjamana upesi. Akiacha, uso unawaka moto. Akirudia, unatulia, na ndivyo anavyofungwa. Amenunua krimu ya kuondoa mikunjo, na kwa pesa yake mwenyewe anajitengenezea mikunjo ambayo jua pekee lingehitaji miaka mingi kuileta.

Tanzania Bara usimamizi wa vipodozi uliondolewa kwa iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa na kupelekwa Shirika la Viwango, TBS, kuanzia Julai 2019, na Kenya kazi hiyo iko kwa KEBS, shirika la viwango la huko. Orodha za bidhaa zilizopigwa marufuku zipo, na misako hufanyika. Mnunuzi asitegemee misako hiyo, kwa kuwa kikopo kinachokamatwa leo hurudi kwa jina jingine na kifuniko cha rangi nyingine. Ategemee dalili anazoziona kwa macho yake: bidhaa isiyoorodhesha viambato, isiyo na anwani ya mtengenezaji, inayochanganywa papo hapo kwenye mkebe usio na lebo, au inayoahidi mikunjo na weupe kwa pamoja na kutaja siku.

Sasa nije kwenye kile ambacho ningekinunua kwanza hata kama ningekuwa na pesa ya bidhaa moja tu. Katika mji wa Nambour, Queensland nchini Australia, watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walitakiwa kupaka krimu ya kukinga jua kila siku, na wengine waliachiwa wapake wanapojisikia. Baada ya miaka 4 na nusu, waliopaka kila siku walionyesha uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenzao, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Kundi jingine ndani ya utafiti huo huo lilimeza vidonge vya betakarotini, na havikusaidia chochote. Mwaka mmoja kabla yake, jarida la tiba la New England lilikuwa limechapisha picha ya dereva wa lori wa Kimarekani wa miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28: upande wa kushoto wa uso wake, ule wa dirishani, umekunjamana na kuning'inia kama wa mtu aliyemzidi umri kwa miaka mingi, kwa sababu kioo cha gari huzuia UVB lakini hupitisha sehemu kubwa ya UVA, nayo ndiyo inayofika chini kwenye kolajeni. Kwetu usukani uko kulia. Siku ukikaa nyuma ya dereva wa daladala aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, linganisha mikono yake miwili.

Hata hivyo hatukuhitaji Australia wala Marekani kulijua hili, kwa kuwa ushahidi wa wazi zaidi tunao nyumbani. Watu wenye ualbino wana wazazi wale wale, chakula kile kile na umri ule ule na ndugu zao wa tumbo moja. Kilichopungua ni melanini. Na wale waliokulia shambani bila kinga huwa na ngozi ya uso na shingo iliyokakamaa na kukunjamana wakiwa bado vijana, mbali na hatari kubwa zaidi ya saratani, wakati ngozi ya ndugu zao bado iko shwari. Kwa ajili yao, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, hutengenezwa krimu ya kukinga jua iitwayo Kilisun, ambayo hugawiwa bure. Ni jambo la kujivunia, ila limeacha dhana moja potofu mitaani, kwamba krimu ya jua ni ya watu wenye ualbino na watalii. Kinga ya SPF 13 ya ngozi nyeusi inatosha kutuepusha na kuungua. Haitoshi kuzuia madoa, na hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huweza kuyakoleza madoa ya ngozi nyeusi. Kwa hiyo krimu ya jua iliyotiwa rangi ya udongo kwa oksidi za chuma hutufaa mara mbili: inazuia mwanga huo, na haiuachi uso ukiwa kama umepakwa chokaa, jambo ambalo limewafanya wengi wetu waitupe krimu ya kwanza waliyoijaribu.

Kiasi nacho kina hesabu yake. Kinga iliyoandikwa kwenye lebo hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, na uso wa mtu mzima una sentimita za mraba kama 600, hivyo unahitaji gramu 1.2 hivi kila unapopaka, sawa na mistari miwili iliyokamuliwa juu ya kidole cha shahada na cha kati. Tyubu ya mililita 50, ikipakwa mara moja kwa siku, huisha kwa wiki 6. Anayejisifu kwamba yake imemaliza mwaka amekuwa akipaka jina la SPF tu.

Baada ya krimu ya jua, na kilainishi chochote ambacho ngozi yako inakipatana nacho, ndipo retinoli au niasinamidi ipewe nafasi, na hapo lebo isomwe. Kwa kanuni za masoko mengi viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi, hadi vile vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo mtengenezaji huruhusiwa kuvipanga apendavyo. Mpaka huo hauandikwi, lakini unaweza kukisiwa: tafuta neno phenoxyethanol, kihifadhi ambacho Ulaya hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1, na kila kinachokuja baada yake kuna uwezekano mkubwa kwamba hakifiki hapo. Kwa retinoli si tatizo, kwa kuwa hufanya kazi kwa kiasi kidogo. Kwa dondoo la waridi, lulu, dhahabu au ute wa konokono ambao picha yake imejaza boksi zima, inakuonesha ulichonunua. Kolajeni ya kupaka ipitwe haraka, maana molekuli yake ni kubwa mno kupenya ngozi na hubaki juu ikifanya kazi ya kilainishi. Mafuta ya nazi ya pwani yetu na siagi ya mti wa shea kutoka kaskazini mwa Uganda nayo ni vilainishi, vizuri tu, kwa bei ya haki. Anayekuambia yanafuta mikunjo ameongeza chumvi.

Chombo kinasema mengi kuliko maneno. Retinoli na vitamini C huharibiwa na mwanga, hewa na joto, halafu tunauziwa kwenye vikopo vya mdomo mpana ambavyo kila kidole kinachochovya kinaingiza hewa mpya, tena vikiwa vimepangwa barazani juani tangu saa tatu asubuhi ili wapita njia wavione. Chagua tyubu ya bati au chupa ya pampu isiyopitisha mwanga, uichukue ile iliyokuwa ndani ya boksi. Seramu ya vitamini C ikigeuka rangi ya chai ya rangi imekwisha, hata kama tarehe yake iko mbali. Ile alama ndogo ya kikopo kilicho wazi chenye 6M au 12M inahesabu miezi tangu siku ulipokifungua.

Lugha ya matangazo ina ujanja wake, nao umetokana na sheria. Marekani, bidhaa ikidai kubadilisha muundo wa ngozi huhesabiwa kuwa dawa na kutakiwa kuthibitishwa kama dawa. Hivyo kampuni huandika kwamba inapunguza "muonekano" wa mikunjo, na neno hilo moja linawaepusha na kesi. Aliyevuka mstari huulizwa: mwaka 2014 kampuni ya L'Oréal ilifikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani, FTC, na kuacha kudai bila ushahidi kwamba baadhi ya krimu zake za Lancôme na L'Oréal Paris zinaamsha jeni za ujana. Tangazo hilo likifika kwetu na kutafsiriwa kwa mdomo na muuzaji, muonekano hudondoka njiani na jeni hubaki.

Siku ile Kariakoo nilimuuliza kijana kama ana krimu ya jua ya kawaida, SPF 30 kwenda juu, yenye kinga ya UVA. Alinishangaa kidogo. "Mama, ile si ya wenye ualbino?" Akainama hadi rafu ya chini kabisa, akaitoa tyubu moja ya mililita 50 iliyojaa vumbi, akaifuta kwa shati lake. Niligeuza nyuma nikasoma tarehe ya mwisho wa matumizi. Ilikuwa imebakiza miezi miwili. Nikapiga hesabu ya vidole viwili kwa siku, nikaona itaisha kabla, nikailipia.